Neno "Diwani": Asili Yake na Maana Zake

Mazungumzo yetu leo ni habari ya neno moja tu. Si neno la kutafutwa katika vitabu vizito. Ni neno litamkwalo kila siku Magomeni na Mwananyamala, Tandika na Mbagala, wala hapana mtoto wa shule asiyelijua. Mtaro ukiziba na maji yakaingia nyumbani, watu husema, "Na tumwendee diwani." Barabara ikiharibika kwa mvua za masika, huulizana, "Diwani yuko wapi?" Na kila mwaka wa tano, uchaguzi mkuu ufikapo, kuta za Kinondoni na Temeke hujaa picha za wale watakao kuwa madiwani.

Sisi tufundishao katika chuo cha walimu tumezoea kuwauliza wanafunzi wetu, "Neno diwani maana yake nini?" Hujibu upesi ya kuwa diwani ni mtu aliyechaguliwa na watu wa kata ili awasemee barazani. Jibu hilo ni sawa. Lakini tukiwauliza mara ya pili, "Kwa nini basi kitabu cha mashairi nacho huitwa diwani?" darasa zima hunyamaza. Mtu na kitabu wana udugu gani? Hapo ndipo penye fumbo letu la leo. Na tukilifumbua tutaona ya kuwa si jambo la wanavyuoni peke yao, bali lagusa fedha zetu, masoko yetu na mitaa tunayokaa.

Kwanza tujue neno limetoka wapi. Diwani asili yake ni Uajemi, nchi ijulikanayo leo kwa jina la Irani. Maneno ya Kiajemi yaliyomo katika Kiswahili si machache. Bandari ni neno la Kiajemi. Nahodha ni neno la Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni bwana wa chombo. Bustani, pamba na barafu, hayo nayo yalitoka huko. Darubini ni maneno mawili yaliyoungwa pamoja, moja maana yake mbali, na la pili maana yake kuona. Hata serikali ni maneno mawili ya Kiajemi, sari, yaani kichwa, na kari, yaani kazi; basi serikali ni kichwa cha kazi, au tuseme msimamizi mkuu.

Maneno hayo yalikuja na pepo za kaskazi, katika majahazi ya wafanya biashara, mengine yakipitia Uarabuni na mengine yakipitia Bara Hindi. Ushahidi wa safari zile za kale haujafutika. Msikiti wa Kizimkazi katika kisiwa cha Unguja una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, ndio mwaka 1107, na wenyeji wengi wa pwani hata leo hujiita Washirazi, kwa jina la mji wa Shiraz ulioko Uajemi.

Sasa na tulifuate neno lenyewe mpaka penye chimbuko lake. Yatupasa kurudi nyuma miaka elfu mbili na mia tano. Mfalme Dario wa Kwanza alitawala Uajemi tangu mwaka 522 hata mwaka 486 kabla ya kuzaliwa Kristo. Mfalme huyo aliamuru habari za vita vyake na ushindi wake zichongwe katika uso wa jabali refu, mahali paitwapo Behistun. Zilichongwa kwa lugha tatu, ambazo ni Kiajemi cha kale, Kielami na Kibabeli. Watu walipita chini ya jabali lile karne nyingi wakitazama juu, wala hawakuweza kuzisoma, mpaka Mwingereza mmoja, Henry Rawlinson, alipoanza kuzinakili mwaka 1835, akipanda na ngazi penye hatari kubwa. Baadaye wataalamu walizisoma. Katika Kiajemi kile cha kale, maandishi yaliyochongwa jabalini yaitwa dipi. Basi dipi maana yake ni maandishi, na hiyo ndiyo mbegu iliyoota neno letu diwani.

Lakini hata mbegu hiyo Waajemi hawakuipanda wenyewe. Waliipokea kwa jirani zao Waelami. Nao Waelami waliipokea kwa watu wa Babeli, na watu wa Babeli waliipokea kwa Wasumeri, taifa la kale sana lililokaa kati ya mito Frati na Hidekeli katika nchi ya Iraki ya leo. Wasumeri walikuwa wakiandika kwa kuchoma alama katika vibao vya udongo mbichi kwa kijiti cha unyasi, zaidi ya miaka elfu tatu kabla ya kuzaliwa Kristo. Kibao kile cha udongo wao walikiita dub. Kwa hiyo ukilifukua neno diwani mpaka kwenye mzizi wake wa chini kabisa, hukuti mfalme, wala kiti cha enzi, wala upanga. Wakuta kibao cha udongo kilichoandikwa hesabu.

Na hesabu yenyewe ilikuwa ya nini? Mwaka 1933 na mwaka 1934, wachimbaji waliokuwa wakifukua magofu ya Persepolis, mji wa Mfalme Dario, walikuta vibao vya udongo kwa maelfu. Walidhani labda watakuta habari za vita na fahari. Hawakukuta hayo. Vibao vile vilikuwa daftari za posho: mtu fulani na kundi lake wamepewa shayiri kiasi gani, mwezi gani, kwa kazi gani, kwa amri ya nani. Hata wanawake waliojifungua waliandikiwa posho ya ziada. Tazameni basi jinsi dola lile kubwa lilivyokaa juu ya kazi ya makarani. Askari aliweza kuiteka nchi, lakini aliyeiweka nchi isitawanyike alikuwa mwandishi aliyejua nani amepewa nini.

Kutokana na dipi Waajemi walipata jina la mahali pa kuwekea maandishi, na jina hilo, kwa kutamkwa na vinywa vingi karne baada ya karne, likalainika likawa diwani. Maana yake ilikuwa nyumba ya daftari, na pia mkusanyo wa maandishi. Yule mwandishi mwenyewe aliitwa dibiri, nalo ni tunda la mbegu ile ile.

Hapa ipo hadithi ya kuchekesha, nayo ni ya zamani. Ibn Khaldun, mwanachuoni mashuhuri aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1377. Husemwa ya kuwa siku moja Kisra, mfalme wa Uajemi, aliwatazama makarani wake wakifanya hesabu. Aliwaona wakitikisa vichwa, wakihesabu vidoleni, kila mmoja akinong'ona peke yake. Mfalme akastaajabu akasema, "Diwane!" maana yake, "Hawa ni wendawazimu!" Basi, kwa hadithi hiyo, mahali pale pakaitwa diwani. Hadithi ni tamu, lakini wataalamu wa lugha hawaikubali, kwa kuwa ule mzizi wa maandishi umeonekana wazi. Nasi twaitaja ili wanafunzi wajifunze jambo moja: hadithi ya neno ikiwa tamu mno, na ichunguzwe kwanza kabla ya kuaminiwa.

Waarabu walilipokea neno hili mapema, katika zama za Khalifa Umar bin al-Khattab, aliyetawala tangu mwaka 634 hata mwaka 644. Wanahistoria wa Kiarabu husimulia ya kuwa Abu Huraira alirudi kutoka Bahraini akichukua mali nyingi mno, dirhamu laki tano. Umar hakuyaamini masikio yake, akamwuliza tena na tena. Kisha akawatangazia watu ya kuwa yamekuja mafedha mengi, nao wakipenda atawapimia kwa vipimo, au wakipenda atawahesabia. Mtu mmoja akasimama akasema ya kuwa amewaona watu wa nchi nyingine wakiweka diwani. Ndipo Umar akaamuru majina ya watu yaandikwe, kabila kwa kabila, pamoja na haki ya kila mmoja. Daftari hiyo ikaitwa diwani. Tangu hapo haki ya mtu ilikuwa neno lililoandikwa, wala haikutegemea kumbukumbu ya mgawaji wala urafiki wake.

Tena lipo jambo ambalo sisi walimu wa lugha twapenda kulitaja. Kwa muda wa miaka hamsini na zaidi, daftari za serikali ya Waarabu ziliandikwa kwa lugha za watu wengine: kule Iraki kwa Kiajemi, na kule Shamu kwa Kiyunani, maana makarani waliojua kazi walikuwa wa lugha hizo. Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, aliyetawala tangu mwaka 685 hata mwaka 705, ndiye aliyeamuru diwani ziandikwe kwa Kiarabu. Amri hiyo ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana. Lugha iandikwayo katika hesabu za serikali ndiyo lugha ambayo raia aweza kuulizia haki yake. Raia asiyeweza kuisoma daftari ya nchi yake amefungiwa mlango, hata kama mlango huo hauna komeo.

Kutoka hapo neno lilitawanyika ulimwenguni kama mbegu za msufi zipeperushwazo na upepo, na kila lilipoanguka liliota kwa namna yake. Ofisi ya daftari iliitwa diwani. Baadaye wakubwa waliokutana katika ofisi hiyo wakaitwa diwani, kama lile baraza kuu la Sultani wa Waturuki kule Istanbul. Chumba cha baraza kilikuwa na viti virefu vya matakia vilivyozunguka ukuta, basi watu wa Ulaya waliporudi kwao wakaviita viti vile divani. Huko Italia na Ufaransa, ofisi iliyoandika ushuru wa bidhaa ilichukua jina kutoka shina hili hili, na mpaka leo Waitaliano husema dogana na Wafaransa husema douane, mahali ambapo sisi husema forodha. Na washairi, kwa kuwa diwani ni mkusanyo wa maandishi, waliita diwani kitabu kikusanyacho mashairi yote ya mtu mmoja. Diwani ya Hafidhi wa Shiraz, aliyefariki karibu na mwaka 1390, yasomwa hata leo. Na Mjerumani Goethe alipokitoa kitabu chake cha mashairi mwaka 1819, alikipa jina hilo hilo.

Asistaajabu mtu kwamba daftari, chumba, kiti na watu vyote vyaweza kuitwa kwa jina moja. Kiswahili chetu nacho hufanya hivyo. Baraza ni nini? Ni kile kibao cha udongo au mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, ambapo wazee huketi jioni wakizungumza. Lakini twasema pia Baraza la Mawaziri, wala hatufikiri udongo wala mawe. Kutoka mahali pa kuketi jina limehamia kwa walioketi.

Na je, jina lilihamaje mpaka likamkalia mtu mmoja? Katika Uajemi mkuu wa ofisi ya hesabu aliitwa sahibu diwani, yaani mwenye diwani. Huko Bara Hindi wakalifupisha, wakamwita waziri mkuu wa hesabu na mapato diwani tu. Ukubwa wa kazi hiyo mtauona katika jambo moja. Tarehe 12 Agosti 1765, Shah Alam wa Pili aliipa Kampuni ya Waingereza ya Mashariki ya Hindi haki ya udiwani katika Bengali, Bihari na Orissa. Haki hiyo maana yake ilikuwa kukusanya kodi na kuziandika. Hakuwapa kiti chake cha enzi; aliwapa daftari. Lakini kwa daftari hiyo wafanya biashara wale wakawa watawala wa mamilioni ya watu. Aliye na daftari ya kodi ana nchi mkononi mwake.

Katika mwambao wetu wa Afrika ya Mashariki pia, diwani alikuwa mtu tangu zamani. Kule Vumba, karibu na mpaka wa leo wa Kenya na Tanzania, mtawala aliitwa diwani, na A. C. Hollis aliandika habari za ukoo huo mwaka 1900. Katika miji ya Mrima wakubwa waliitwa majumbe na madiwani, wenye siwa na ngoma na vilemba vya enzi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake yamo katika kitabu Desturi za Wasuaheli kilichopigwa chapa mwaka 1903, alieleza jinsi mtu alivyotawazwa kuwa jumbe, na jinsi alivyopaswa kutoa karamu na ada kwa wakubwa wenzake. Ukubwa ulikwenda kwa ukoo na kwa karamu. Hata katika eneo la Kinondoni ya leo, kule Kunduchi, yamesalia makaburi ya kale yenye nguzo ndefu ambazo ndani yake zilipachikwa bakuli za Kichina, alama ya fahari ya wakubwa wa zamani.

Kisha mambo yaligeuka. Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Wajerumani waliufanya makao makuu ya serikali yao mwaka 1891, wakatawala kwa maliwali, maakida na majumbe. Waingereza waliwafuata. Mwaka 1949 mji ulipata Baraza la Manispaa, lakini wajumbe wake wa kwanza waliteuliwa na serikali. Hawakupigiwa kura na wakazi. Miaka hiyo, na ile ya 1950, ndipo vitongoji vya Temeke, Magomeni na Kinondoni vilipopimwa na kujengwa nyumba za safu. Mpaka leo watu husema Magomeni Kota, kwa kukumbuka nyumba zile. Watu walilipa kodi, lakini hawakuwa na mtu wao wa kuuliza kodi hiyo imekwenda wapi.

Mwaka 1960 Dar es Salaam ilipata Meya wake wa kwanza Mwafrika. Naye alikuwa nani? Alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji. Na hapa lile fumbo letu la mwanzo laanza kufumbuka lenyewe. Maana mtu huyo, kabla ya kuketi kitini mbele ya madiwani wa mji, alikuwa ametoa kitabu mwaka 1954 kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Basi mtu mmoja alikuwa na diwani mbili: ile ya mashairi aliyoitunga, na ile ya mji aliyoiongoza. Wala hakuwa peke yake katika kulitumia jina hilo kwa mashairi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalipigwa chapa mwaka 1940 kwa jina la Diwani ya Muyaka, na Shaaban Robert naye ametuachia Diwani ya Shaaban.

Je, diwani ya mashairi na diwani wa kata wana udugu gani? Udugu wao ni maandishi. Mshairi ambaye mashairi yake hayakuandikwa hana diwani. Akifa, yale watu wasiyoyakumbuka hufa pamoja naye. Vivyo hivyo baraza ambalo maneno yake hayakuandikwa halistahili jina la diwani, hata kama watu wake wameketi juu ya viti vizuri. Neno lenyewe latuambia hivyo, tangu kile kibao cha udongo cha Wasumeri.

Habari za madiwani wa nchi yetu baada ya hapo mwazijua, nasi tutazitaja kwa ufupi. Katika mwaka 1972 serikali iliamua kuzivunja serikali za mitaa, ikasimamia kazi zao yenyewe. Mabaraza ya miji yalirudishwa kwa sheria ya mwaka 1978, na sheria ya mwaka 1982 ikayaweka upya pamoja na yale ya wilaya. Mwaka 1996 Baraza la Jiji la Dar es Salaam lilivunjwa, na mji ukaongozwa na tume. Na mwaka 2000 zikaanza manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye Ubungo ilitengwa na Kinondoni, na Kigamboni ikatengwa na Temeke. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa tena, na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Twaona basi ya kuwa baraza la madiwani si jabali la Behistun. Laweza kuvunjwa na kujengwa, na kuvunjwa tena. Lisilopasa kuvunjika ni desturi ya watu kuandika, kusoma na kuuliza.

Wahenga wetu walilijua jambo hili, wakasema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Na neno daftari lenyewe ni la safari ndefu vile vile, maana asili yake ni neno la Kiyunani la kutaja ngozi, kwa kuwa zamani watu waliandika juu ya ngozi. Katika mtaa mmoja tuujuao, wakazi walichanga fedha kwa ajili ya kivuko cha mtaro, ili watoto wasizame miguu katika maji machafu waendapo shule. Kila nyumba ilitoa, na wajane walitoa. Aliyezishika fedha hakuwa mwizi kwa sifa. Alikuwa mtu aheshimiwaye. Lakini hakuandika kitabu. Mwaka ulipopita yeye alisema fedha zilikuwa kiasi hiki, na wengine wakasema zilikuwa kiasi kile, na hapana aliyeweza kuonyesha. Kivuko hakikujengwa. Na lililoharibika zaidi ya kivuko ni hili: walipoitwa tena kuchanga, milango ilifungwa. Watoto wale wanavua viatu mpaka leo wapitapo pale. Mtaa ule haukukosa fedha, wala haukukosa kiongozi. Ulikosa kitabu cha senti chache tu.

Basi mtaa na kata zina daftari gani? Katika kila kata iko Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni diwani, na katibu wake ni mtendaji wa kata. Tazameni hekima ya mpango huo: mmoja husema, na mwingine huandika. Katika mtaa vile vile yupo mwenyekiti, na yupo mtendaji aandikaye. Na baraza kamili la madiwani, linalopitisha makadirio ya fedha za halmashauri, hukutana wazi, raia ana ruhusa ya kuingia na kusikiliza. Tena lipo neno moja zuri ambalo watu wa mitaa yetu wamelizoea. Hawasemi, "Tuambiwe mapato na matumizi." Husema, "Tusomewe mapato na matumizi." Neno kusomewa ni neno zito. Maana kuambiwa kwaweza kutoka kichwani, na kichwa husahau, au hujisahaulisha. Lakini kusomewa lazima kutoke katika karatasi.

Kwa hiyo twawaomba mambo matatu, nanyi si wageni wa mambo hayo. La kwanza, mkutano wa mtaa ukiitwa, nendeni, na kabla ya maneno mapya kuanza, ombeni muhtasari wa mkutano uliopita usomwe. Kiongozi mwema hatakasirika, maana muhtasari humlinda yeye kwanza dhidi ya uvumi. La pili, mchango wo wote, uwe wa madawati, wa taka au wa msiba, usitolewe pasipo jina na kiasi kuandikwa, na mtoaji apate stakabadhi yake. La tatu, ninyi wanafunzi mjuao kusoma, wasomeeni wakubwa wenu matangazo yaliyobandikwa katika mbao za ofisi za mtaa na kata. Usiseme, "Mimi ni mtoto." Wale makarani wa Persepolis nao walikuwa watoto siku walipofundishwa kushika kijiti cha kwanza.

Wako wasemao ya kuwa neno geni ni aibu katika lugha. Nasi twawajibu kwa neno hili hili. Waswahili walilipata kwa wageni. Lakini Waarabu nao walilipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa Waelami, na Waelami kwa watu wa Babeli, na watu wa Babeli kwa Wasumeri. Katika mlolongo huo wote ni nani aliyeona aibu? Kila mmoja alilipokea neno pamoja na kazi yake. Aibu si kupokea jina. Aibu ni kupokea jina na kuiacha kazi. Sisi tumempata mtu, tukampa jina la diwani, tukampigia kura, tukambeba mabegani siku ya ushindi. Yatubakia kumwuliza ile daftari ambayo jina lake limetoka humo, na sisi wenyewe kuijua namna ya kuisoma.

Wasikizaji wetu, hapo ndipo penye mwisho wa mazungumzo ya leo. Ninyi mlio na daftari za shule, andikeni neno diwani, na mbele yake mwandike maana zake: maandishi, nyumba ya maandishi, baraza, kiti, kitabu cha mashairi, na mtu wa kuwasemea watu. Mtaona ya kuwa la kwanza ni maandishi, na mtu amekuja mwisho. Kwaherini.